Shikamoo Isiyoitikiwa: Kocha Editha wa Kidodi na Mchezaji wa Tano

Umewahi, ndugu msomaji, kumwamkia mtu aliyekuzidi umri, akakusikia vizuri, akakutazama, kisha akanyamaza?

Siyo kwamba yuko mbali, wala siyo kwamba masikio yamezeeka. Amesikia. Hata kuku waliokuwa wanachakura miguuni pake wamesikia. Ila hajibu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kidodi. Moshi wa majiko umelala juu ya mabati, haujapanda. Editha Theodory anatoka kwake na jembe begani, kitenge amekifunga juu ya suruali ya mazoezi. Filimbi ya ukocha iko shingoni, maana huwa anasahau kuivua. Anakwenda kwenye kibarua cha kupalilia miwa ya watu.

Akifika kwenye nyumba moja ya matofali ya kuchoma, yenye mlango wa rangi ya buluu iliyobabuka, anashusha jembe chini. Mtu mzima haamkiwi na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

Mama mwenye nyumba anafagia uwanja. Ufagio unasimama. Anamtazama Editha kuanzia kandambili mpaka usoni, taratibu, kama anayemkagua. Halafu ufagio unaendelea, chwaa, chwaa, na vumbi linainuka katikati yao.

Editha anasimama kidogo. Kisha anainua jembe lake, anakwenda zake.

"Unakaribia mwaka sasa," ananiambia tukiwa tumeshaipita ile nyumba. "Watu wananiambia, Editha, si upite njia ya nyuma? Nikipita nyuma nitakuwa nimemkimbia. Na mimi simkimbii. Namwamkia. Ndicho ninachokijua."

Yule mama ni Lea Ditram, mjane wa miaka arobaini na mitano. Kijijini wanamwita Mama Mathayo. Wanaendelea kumwita hivyo ingawa Mathayo hayupo tena, na kila anayelitamka jina hilo unamwona anashusha sauti kidogo katikati.

Mathayo alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya Editha. Alikuwa na miaka kumi na sita.

* * *

Editha ana miaka thelathini na mmoja. Amezaliwa milimani, Lumuma, kwenye nyumba ya watu wa kanisa na shamba la vitunguu. Mpira wa kikapu aliujulia shule ya sekondari ya bweni, alikokuwa akiitwa Mlingoti kwa urefu wake. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, akashuka Kidodi kumuuguza shangazi yake. Shangazi akafariki, yeye akabaki.

Kazi yake ni vibarua. Kwenye miwa watu hupewa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba, na ngwe moja ikiisha analipwa shilingi elfu tano. Ukocha haumlipi kitu. "Ukocha unanila," anasema, na anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa mazoea ya kucheka.

Uwanja wake ni kipande cha ardhi ambapo zamani yaliegeshwa matela ya miwa. Udongo wake umeshindiliwa na magurudumu mpaka ukawa mgumu kama sakafu, na mpira ukidundwa unainuka vizuri. Mbao za magoli alizipigilia mwenyewe. Ringi zilikunjwa na fundi wa kuchomelea kwa nondo, moja ikatoka duara, nyingine ikatoka kama yai. Watoto wanagombea kulishambulia goli lenye ringi ya duara.

Lakini mwanzoni wazee hawakuutaka mchezo wenyewe. Waliona wasichana na wavulana wamevaa bukta, wanakimbia pamoja, wanapiga kelele za "pasi, pasi," na mtu mzima anapita pembeni bila kuamkiwa.

Mzee Tomasi Rafaeli, ambaye shamba lake linapakana na uwanja, ndiye aliyekwenda kumwambia waziwazi. "Nilimwambia, binti, mpira gani huu?" anakumbuka. "Mtoto ananipita mbele ya macho kama ng'ombe anayekwenda mnadani! Hata ng'ombe wengine hugeuza shingo!"

Editha akaweka sheria. Mtoto wa timu yake akimpita mtu mzima bila kumwamkia, hata kama yuko mbioni, hata kama ameshatangulia mbali, atageuka. Atarudi mpaka alipo yule mtu, atasimama, ataamkia, atasubiri marahaba yake, ndipo aendelee.

Sheria ile iliujenga mchezo kuliko mbao na nondo. Wazazi waliokuwa wakikataa wakaanza kuwaleta watoto wenyewe. Sokoni mtoto akiamkia kwa adabu, mtu huuliza, "Huyu ni wa kikapu?" Wakati wa mazoezi ya alfajiri Editha alipita nyumba kwa nyumba kuwagongea, akawaamkia wazazi mlangoni, akakabidhiwa watoto mkononi. Walikimbia kando ya barabara ya lami kabla ya shule, wamejipanga mstari mmoja, na nyuma yao shikamoo zilifuatana kama vifaranga.

Mathayo alikimbia wa mwisho. Nahodha hukaa nyuma, kuangalia asije akaachwa mtu.

* * *

Ilikuwa Juni ya mwaka jana, miwa imeanza kuvunwa. Wanaoijua Kidodi wanajua asubuhi za wakati huo. Mashamba huchomwa moto kabla ya kukatwa, na moshi hushuka barabarani ukachanganyika na ukungu, mtu akawa hatambui hata nguo yake mwenyewe imepauka au ni macho.

Watoto walipita. Upande wa pili wa barabara Mzee Tomasi alikuwa anasukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni. Kwa moshi ule, wa mbele hawakumwona. Mathayo naye alimpita. Kisha akasikia mnyororo wa baiskeli ukilia, akatazama, akamtambua mzee.

Akageuka. Akavuka.

Lori la miwa lilikuwa limepakia. Lori lililopakia miwa halisimami kwa ghafla, hata dereva akikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Nilisikia 'shika'," anasema Mzee Tomasi. Anashika ukingo wa kiti chake. "Iliyobaki haikufika. 'Shika', basi."

Dereva aliteremka, akakaa kwenye majani, kichwa amekiweka katikati ya magoti. Mathayo walimpakia kwenye gari la abiria kumkimbiza Mikumi. Editha alimpakata kichwa. Walipoingia Mikumi watu barabarani walikuwa wanauza ndizi na kupakia mizigo kama siku yoyote, naye Editha alikuwa ameshajua tangu njiani kwamba anayembeba hana haraka tena.

"Polisi walipima barabara," anasema. "Wakauliza lori lilikuwa linakwenda mwendo gani. Wakamuuliza dereva, wakamuuliza mzee. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mtoto aligeuka. Nilikaa nimejiandaa kujibu. Mpaka leo nimejiandaa."

Msibani alichota maji, akaosha masufuria, akapika pamoja na wanawake wengine mpaka siku ya kuanua matanga. Hakuna aliyemfukuza. Lakini Mama Mathayo alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, na Editha hakuthubutu kuvuka kizingiti cha chumba kile. Habari ya kifo mama alipelekewa na mwenyekiti wa kitongoji.

Timu ikavunjika siku hiyo hiyo. Wazazi waliwaita watoto wao tu.

Na jambo jingine likatokea, dogo, ambalo mgeni hawezi kuliona. Watoto wa Kidodi wakaanza kusitasita kuamkia barabarani. Anamwona mtu mzima ng'ambo, mdomo unafunguka, halafu anatazama lami.

"Mimi nikimwona mtoto ng'ambo, nageuza uso kwanza," anasema Mzee Tomasi. "Najifanya sijamwona, ili asinione na yeye. Mzee mzima najificha nisipewe shikamoo! Siku hizi kuni zangu napitisha mashambani."

* * *

Baada ya Krismasi wasichana wawili, Filomena na Rebeka, walikwenda kwa Editha bila kuitwa, wakamwambia wanataka kucheza. Akawakatalia. Wakarudi na wengine wawili. Akawaambia walete wazazi wao. Wakawaleta.

Sasa wapo wanne, wote chini ya miaka kumi na saba. Mwezi ujao yako mashindano ya vijana wilayani, Kilosa mjini, na Editha ameahidi kupeleka timu ya wasichana. Mpira wa kikapu unataka watu watano uwanjani. Wanne siyo timu, ni majirani.

Ni Ijumaa, saa kumi jioni. Mbio za barabarani zimekwisha kabisa. Wasichana wanazunguka uwanja wenyewe, ndani ya mstari wa majivu aliouchora Editha, na hakuna anayeruhusiwa kuuvuka. Mpira umekuwa kipara, hauna hata mkwaruzo mmoja wa kushikia.

"Rebeka, unarusha kama unawatupia kuku mahindi!" anapiga kelele Filomena.

"Kuku mwenyewe wewe, mbona hudaki?"

"Kocha, sasa Kilosa tunakwenda wanne? Au wa tano tumvalishe jezi mbuzi wa Mzee Tomasi?"

"Yule mbuzi mwacheni," anasema Rebeka. "Ataingia yeye, utatoka wewe."

Wanacheka. Editha hacheki. Anatazama njia, maana kuna msichana mrefu anakuja moja kwa moja, amevaa raba, nywele amezifunga kwa kitambaa. Anauvuka mstari wa majivu, anamnyang'anya Filomena mpira, anaudunda mara mbili na kuurusha. Unaingia bila kugusa chuma.

Ni Vaileth, miaka kumi na minne. Mdogo wake Mathayo. Mtoto pekee aliyebaki kwa mama yake.

"Kocha, shikamoo. Nimekuja kucheza."

"Marahaba. Mama amesemaje?"

"Hajasema."

"Hajasema ndiyo, au hajasema hapana?"

"Hajasema kitu. Si unamjua."

"Basi rudi nyumbani, Vaileth. Nikisikia kwa mdomo wake mwenyewe, utacheza."

Msichana anabaki amesimama. Wenzake wameacha kudunda. Anayoyasema yanatoka makavu.

"Utasikiaje na humuulizi? Kila siku shikamoo mama, shikamoo mama, halafu unaondoka! Unamuuliza lini? Unamwogopa tu, kocha. Na mimi ndani ya nyumba nakaa na mtu anayeogopwa."

Anaugeuzia mgongo uwanja na kwenda zake.

Editha anapuliza filimbi, mazoezi yamekwisha. Anaukumbatia mpira kifuani, anakaa chini ya ringi. "Amesema kweli," anasema baadaye. "Mimi shikamoo nimeifanya pazia. Najificha nyuma yake, halafu naita adabu."

Mipango yake siyo mikubwa. Anataka wasichana watano wapande gari mpaka Mikumi, wabadilishe, wafike Kilosa, wacheze, wafungwe hata kwa ishirini, warudi wakiwa hai. Anataka kila mzazi amwone mwanawe akishuka kwenye gari. "Nikiwarudisha watano wote, mara moja tu," anasema, "labda nitaweza kulala."

Bila Vaileth hakuna hata hilo. Na Vaileth yumo mkononi mwa mama mmoja asiyezungumza.

* * *

Jumapili, watu wametoka kanisani. Editha amevaa gauni la heshima, amejitanda khanga. Filimbi ameiacha nyumbani. Anabisha hodi kwenye uwanja wa Mama Mathayo, na mara ya kwanza tangu Juni anasikia sauti yake.

"Pita."

Mama amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, ungo mkononi, anapepeta mchele. Vaileth yuko jikoni, mlango wa jiko uko wazi, na vyombo vimenyamaza ghafla.

"Shikamoo, ma..."

"Hizo ziache kwanza. Kaa."

Editha anakaa ukingoni mwa mkeka. Ungo unaruka, chuya zinakwenda mbele, mchele unarudi. Maneno aliyoyapanga njia nzima yamempotea, anayasema yanavyokuja.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Ile sheria ya kugeuka ilikuwa yangu. Mathayo aligeuka kwa sababu nilimfundisha mimi. Nilitakiwa kuja tangu siku ya kwanza, nikashindwa. Na nimekuja kumwomba Vaileth. Ukikataa nitaelewa, sitarudi kukusumbua."

Ungo unatulia.

"Nani kakuambia ulimfundisha wewe?"

"Mama?"

"Nauliza. Nani kakuambia Mathayo alifundishwa kuamkia na wewe?" Sauti ya mama haijapanda, lakini kila neno limesimama. "Mathayo alimpita bibi yake pale, penye hilo jiwe, akiwa na miaka minne. Nilimchapa mimi. Nikamrudisha mara tatu mpaka akaamkia vizuri. Toka hapo hakuwahi kumpita mtu. Wewe umekuja Kidodi umekuta kazi imekwisha. Sheria yako ilikuwa ya watoto wa wenzangu."

Editha analia. Mama hamtazami. Anaokota punje za mpunga zilizojificha kwenye mchele, moja moja, anazitupa pembeni, kuku wanazidaka.

"Kama kumfundisha kugeuka ni kosa, tumekosa wote. Hilo nilishalimaliza na Mungu wangu."

"Basi mbona huniitikii, mama?" Ni swali ambalo kijiji kizima kimejiuliza, na Editha analitoa kama mtoto. "Karibu mwaka mzima. Mbona huniitikii?"

Mama Mathayo anauweka ungo chini. Anajifuta mikono kwenye khanga, kiganja na nyuma ya kiganja, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ulikuja kumgongea asubuhi ile. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulibisha hodi, ukanipa shikamoo yako pale mlangoni, ukaniuliza Mathayo ameamka? Hakuwa ameamka. Jana yake tulitoa mpunga shambani, magunia yote kayabeba yeye mpaka kwenye njia ya pikipiki, mimi mgongo ulikuwa unanisumbua. Alilala na nguo zake. Hata miguu hakunawa, ilikuwa na tope mpaka hapa." Anagusa chini ya goti. "Nikamtazama. Nikakutazama na wewe umesimama na adabu yako. Nikaona haya kukukatalia, utasema mama huyu hathamini mtoto wake anavyosaidiwa. Nikakuitikia marahaba, nikaingia ndani nikamtikisa bega."

Jikoni kitu kinaanguka, kifuniko cha sufuria, kinazunguka sakafuni mpaka kinatulia chenyewe.

"Sasa kila ukiniamkia," anasema mama, "nikitaka kuitikia, mkono wangu unashika bega lake. Ndiyo hivyo. Sikukuchukia. Mdomo unakataa."

Editha amejifunika uso kwa khanga. "Basi Vaileth abaki, mama," anasema kutoka ndani ya kitambaa. "Abaki hapa hapa. Nitawaambia Kilosa hatuji."

"Nani kasema abaki? Huyu akibaki atanimaliza kwa kununa." Anageuza kichwa kuelekea jikoni. "We Vaileth! Acha kusikiliza, songa huo ugali! Utakwenda Kilosa."

Jikoni mwiko unaanza kugonga sufuria kwa kasi isiyo ya kawaida.

"Lakini wewe," mama anamwambia Editha, "mlangoni kwangu usije kugonga. Akiamka mwenyewe akaja, huyo ni wako. Asipoamka, usimwite, wala usimtume mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama Mathayo anavuta ungo, lakini haupepeti. Anauweka magotini na kutazama mchele uliokwisha kuwa safi.

"Maana siku ile nilikuwa nalo neno, nililibeba mpaka mlangoni," anasema. "Nilitaka nikwambie, mwanangu, leo mwache alale."